Tumwache Ndege Awe Ndege Kwanza

Sisi tunaoandaliwa kuhubiri tunawapenda ndege. Wamo katika homilia za ndoa, wamo katika mafungo, wamo hata katika mahubiri ya mazishi. Wala hatukosei kuwapenda. Bwana wetu alipotaka kuwaondolea wanafunzi wake hofu aliwataja shomoro waliouzwa sokoni kwa bei ya chini kabisa, na Mt. Fransisko wa Asizi anakumbukwa hadi leo kwa kuwahubiria ndege wenyewe. Anayesimama mimbarini na kumtaja ndege anafuata njia ya zamani na njema.

Tunacholalamikia katika makala hii ni haraka. Mhubiri humshika ndege, humnyonyoa manyoya mawili matatu yanayomfaa, kisha humwachia aende zake. Hana haja ya kujua ndege huyo anaishi vipi, ana undugu na nani, wala ndani ya seli zake kuna nini. Anataka funzo tu, na kama ndege hana funzo analolitaka, atavalishwa.

Tumechagua kulizungumzia hili kwa mfano ambao pengine haujawahi kuonekana katika jarida la seminari: kromosomu za ndege watuao matawini, na namna zilivyobadilika katika mamilioni ya miaka. Msomaji mvumilivu ataona kwamba jambo hili halipo mbali na altare kama linavyodhaniwa.

Kwanini tujali? Kwa sababu katika benchi la tatu ameketi binti wa Kidato cha Nne. Ijumaa amefundishwa jenetiki na mageuko darasani. Jumapili anamsikia mhubiri akisema mageuko ni uongo wa watu wanaomchukia Mungu, au kwamba ndege hawajui kudanganyana katika unyumba, kwa hiyo wanandoa waige mfano wao. Binti huyu hatabishana na mtu. Atakaa kimya, na moyoni atapiga hesabu rahisi: kama huyu anakosea katika jambo ninaloweza kulihakiki, nimwamini vipi katika Ufufuko, ambao siwezi kuuhakiki? Hesabu hiyo si yetu. Mt. Augustino aliiandika mwanzoni mwa karne ya tano, alipokuwa akifafanua Kitabu cha Mwanzo. Aliwaonya Wakristo wasizungumze ovyo kuhusu nyota na wanyama mbele ya wapagani wanaovijua vitu hivyo vizuri, kwa maana aibu haimwishii msemaji, inawapata waandishi watakatifu wenyewe. Baadaye Mt. Thoma wa Akwino aliongeza kwamba kosa kuhusu viumbe huzaa kosa kuhusu Mungu. Mafrateri wa Falsafa tunalisoma hilo, tunalijibia mtihani, kisha tunalisahau tukipanda mimbarini.

Basi tuwaangalie ndege.

Kundi tunalolisema ndilo kubwa kuliko yote: zaidi ya spishi 6,000 kati ya takriban 11,000 za ndege wote duniani. Utawatambua kwa mguu, vidole vitatu mbele na kimoja nyuma, mguu uliotengenezwa kushika kitawi. Shomoro yumo, na shore, mbayuwayu, mnana, chozi, hata kunguru mwenye kelele. Kwelea kwelea anayewaliza wakulima wa mtama na mpunga naye yumo. Kuku, njiwa, bundi na tai hawamo. Njiwa wa homilia za ndoa, kwa hiyo, anatuponyoka leo, na pengine ni heri kwake.

Mwanadamu ana kromosomu 46 katika kila seli ya kawaida ya mwili wake. Kuku ana 78. Ndege wengi wana kama 80 hivi: chache ni kubwa, na nyingi ni ndogo mno, kiasi kwamba chini ya hadubini huonekana kama nukta. Idadi hiyo haijayumba sana tangu zama za kale. Lakini ukitazama ndani unaona kazi nyingi imefanyika: vipande vimegeuzwa, vingine vimekatika, vingine vimeunganishwa mahali pasipokuwa pao.

Chukua kipande kimoja tu. Kuku tunayemfuga nyumbani ana kromosomu ya nne iliyo kubwa. Mkono wake mfupi, ukiusoma jeni baada ya jeni, utaukuta pia kwa chiriku mdogo wa Australia mwenye mistari kama ya pundamilia kifuani (tumwite chiriku-milia), ila kwake haujaunganishwa na kromosomu ya nne. Unasimama peke yake kama kromosomu ndogo, na wanasayansi wameupa jina la 4A. Sasa njoo katika kundi kubwa la ndege ambamo wamo shore wetu wa bustanini na mbayuwayu. Kwao sehemu ya kipande hicho hicho imehama tena na kujishikiza kwenye kromosomu za jinsi, zile zinazoamua kama kinda litakuwa dume au jike. Kipande ni kile kile, na kimekutwa katika makao matatu tofauti.

Waseminari wanaosoma Maandiko Matakatifu wanaijua kazi ya namna hii. Tunafundishwa kwamba miswada miwili ya kale ikiwa na badiliko lile lile, katika mstari ule ule, maelezo mepesi ni kwamba yote miwili ilinakiliwa kutoka mswada mmoja uliokuwa na badiliko hilo. Kwa njia hiyo wataalamu hupanga miswada katika koo zake, bibi, binti na mjukuu, ingawa hakuna aliye hai aliyewaona wanakili wakiandika. Shore na mbayuwayu wana mshono ule ule mahali pale pale. Anayekubali mantiki hii akisoma Injili ya Marko na kuikataa akisoma seli ya mbayuwayu anapaswa kutueleza tofauti iko wapi.

Kanisa halimwombi mtu aikatae. Papa Pio XII, katika waraka wake wa mwaka 1950 uitwao Humani Generis, aliruhusu wataalamu wachunguze kama mwili wa mwanadamu ulitokana na viumbe hai vilivyotangulia, akishikilia kwamba roho huumbwa na Mungu moja kwa moja. Mwaka 1996 Mt. Yohane Paulo II aliiambia Akademia ya Kipapa ya Sayansi kwamba maarifa mapya yanatufanya tuione nadharia ya mageuko kuwa zaidi ya dhana tu. Na huyo aliyegundua sheria za urithi, ambazo baadaye zilieleweka kuwa ni habari za kromosomu, alikuwa mtawa: Gregor Mendel, Mwagustino wa abasia ya Mt. Thoma huko Brno, aliyehesabu njegere kwa subira kuanzia 1856 hadi 1863, akachapisha kazi yake mwaka 1866, kisha akachaguliwa kuwa abate na kumaliza siku zake akibishana na serikali kuhusu kodi ya abasia. Dunia ilimsikiliza mwaka 1900, miaka 16 baada ya kifo chake. Inashangaza kidogo kwamba katika baadhi ya vigango vyetu jina lake halijulikani kabisa, huku video za wahubiri wa mtandaoni wanaopinga mageuko zikisambaa kila jioni katika makundi ya WhatsApp ya jumuiya.

Lakini hatukuandika makala hii kuwapiga mawe wanaopinga mageuko tu. Wapo pia ndugu zetu wanaoipenda sayansi kwa pupa, na hao wana hatari yao. Kwa ajili yao kuna kisa cha kromosomu inayotupwa.

Mwaka 1998 watafiti wawili wa Argentina, Pigozzi na Solari, walieleza jambo walilolikuta ndani ya chiriku-milia. Katika ovari na korodani zake, katika zile seli zinazozaa mayai na mbegu za kiume, kulikuwa na kromosomu moja ya ziada, kubwa kuliko nyingine zote. Katika mwili uliobaki, iwe damu, misuli, ubongo au ini, haikuwapo. Kinda linapoanza kuumbika ndani ya yai, seli zitakazokuwa mwili huitupa kromosomu hiyo mapema kabisa. Zile zitakazokuwa chanzo cha uzao wa kesho huibakiza. Na dume anapotengeneza mbegu zake, naye huitupa nje ya kiini, kwa hiyo karibu daima hurithiwa kwa njia ya mama.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa ni kioja cha ndege mmoja au wawili. Jenomu za ndege husomwa mara nyingi kutoka kwenye damu au misuli (damu ya ndege inafaa sana, maana chembe zake nyekundu zina kiini, tofauti na zetu), na huko kromosomu hii haipo. Ilikaa imejificha mbele ya macho ya watu wenye vifaa vyote. Mwaka 2019 kikundi cha watafiti wa Novosibirsk, Urusi, na wenzao wakachunguza ndege waimbaji wa familia mbalimbali, wakaikuta kwa kila spishi waliyoitazama. Kwa wengine ni kubwa, kwa wengine ni nukta. Mwaka huo huo kikundi kingine kilisoma ile ya chiriku-milia na kuhesabu humo angalau jeni 115, nyingi zikiwa nakala zilizotoka katika kromosomu za kawaida. Baadhi ziliingia tangu mwanzo wa ukoo wa ndege waimbaji, nyingine juzi juzi tu kwa hesabu ya mageuko. Jeni hizo hufanya kazi katika viungo vya uzazi. Kuku hana kromosomu hii.

Tulipolisoma hili kwa mara ya kwanza, tulifanya jaribio mezani, nusu kwa utani. Tulijipa dakika tano kuona homilia ngapi zitatoka humo. Zilitoka tatu. Ya kwanza ilihusu useja: kuna kitu kimetengwa, hakichanganywi na shughuli za kila siku. Ya pili ilihusu Bikira Maria: urithi unaopitia kwa mama peke yake. Ya tatu ilihusu neema, iliyofichika na isiyopimika kwenye damu. Zote zilisikika tamu, na mmoja wetu alikwishaanza kuandika.

Kisha tukazirudia taratibu. Ya useja ilianguka kwanza, tena kwa kishindo: kromosomu hii haipo popote isipokuwa katika viungo vya kuzalia, na kazi yake yote inahusu kuzaa. Ni vigumu kupata mfano mbaya zaidi wa useja katika uumbaji mzima. Ya pili iliyumba pia, maana kwa nadra kromosomu hiyo imeonekana kupitia kwa baba. Na ya tatu ilikuwa na hatari kubwa kuliko zote. Ukisema neema ni kile ambacho vipimo havikioni, siku vipimo vikikiona utasemaje? Kromosomu hii haikuonekana, kisha ikaonekana, ikahesabiwa jeni zake. Mungu anayewekwa katika mianya ya maarifa hufukuzwa humo kila mwaka mpya wa utafiti.

Ndiyo maana tunasema mfano si mbaya, ubaya ni mfano ulioletwa kabla ya kumjua ndege. Babu zetu walipotunga methali ya kunguru mwoga, walikuwa wamemtazama kunguru miaka na miaka. Sisi tunampata ndege wetu katika kipande cha video cha dakika moja.

Na suala hili halibaki katika tamathali tu. Kuna shomoro mmoja wa Amerika ya Kaskazini, mwenye koo jeupe, ambaye siku hizi ameingizwa katika ugomvi mzito. (Kwa haki, si ndugu wa karibu wa shomoro wa Injili, walowezi walimpa jina la ndege wa kwao.) Ndege huyu ana sura mbili: wengine wana michirizi myeupe kichwani, wengine ya hudhurungi, na sura zote mbili zipo kwa madume na kwa majike. Mwaka 1966 mtafiti aitwaye Thorneycroft alionesha kwamba tofauti hiyo inafuatana na kromosomu ya pili: wenye michirizi myeupe wana nakala moja ambayo sehemu yake kubwa imegeuzwa. Sehemu hiyo ina jeni zaidi ya 1,000. Kwa kuwa imegeuzwa, haibadilishani vipande na mwenzake ipasavyo, basi jeni zote hizo husafiri pamoja kama mzigo uliofungwa kamba moja. Weupe ni wakali zaidi, wanaimba zaidi. Wa hudhurungi hushughulika zaidi na makinda. Na karibu kila jozi huwa na mmoja wa kila sura, mweupe kwa hudhurungi, mara chache sana kinyume chake. Elaina Tuttle, mwanabiolojia wa Marekani aliyefariki mwaka 2016, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuwafuatilia ndege hawa.

Kwa kuwa kila ndege hupata mwenzi katika robo tu ya wenzake, waandishi wa habari walimwita ndege mwenye jinsi nne. Hapo vita ikaanza. Upande mmoja unapiga kelele kwamba maumbile yenyewe yamevunja mafundisho ya Kanisa kuhusu mwanamume na mwanamke. Upande mwingine unaona aibu, unamficha ndege, au unasema habari hiyo imetungwa.

Sisi tunaona pande zote mbili zimemkosea shomoro. Jinsi zake ni mbili: dume ana kromosomu mbili za Z, jike ana Z na W, kama ndege wote. "Jinsi nne" ni msemo wa kuelezea namna wanavyochaguana. Lakini hata kama zingekuwa nne kweli, mafundisho yetu kuhusu ndoa hayakuwahi kujengwa juu ya kiota cha shomoro. Kama yangejengwa huko, yangebomoka zamani, maana tangu miaka ya 1980 vipimo vya DNA vimeonesha kwamba katika spishi nyingi za ndege waimbaji, wale wanaoishi wawili wawili na kulea pamoja kwa bidii inayovutia, makinda ya kiota kimoja si lazima yawe na baba mmoja.

Mwalimu wa Maadili atatukatiza hapa. Je, Mt. Thoma hakutaja, kati ya mielekeo ambayo juu yake sheria ya maumbile imesimama, ile tunayoshiriki na wanyama, kama vile kuoana na kulea watoto? Aliitaja. Lakini kwake mielekeo hiyo inakuwa sheria kwa mwanadamu kwa sababu akili yake inaitambua na kuipanga kuelekea lililo jema. Sheria ya maumbile ni ushiriki wa kiumbe mwenye akili katika sheria ya milele. Haikuwa kamwe amri ya kuwaiga wanyama, na anayewafundisha wachumba kwa kuwaonesha ndege anaitetea kwa silaha itakayomgeukia mwenyewe. Binti wa benchi la tatu ana simu, na akifika nyumbani atatafuta.

Kuna mahali pengine ambapo ujinga wetu wa kromosomu unaumiza watu moja kwa moja, na hapo hatupendi utani. Tumesema jike wa ndege ana Z na W. Maana yake kwa ndege ni yai la mama linaloamua kama kinda litakuwa dume au jike. Kwa binadamu ni kinyume: mama ana X mbili, na mbegu ya baba ndiyo inayoleta X au Y. Hata hivyo bado wapo wanawake katika parokia zetu wanaotukanwa na kufukuzwa nyumbani kwa sababu wamezaa mabinti watupu, na mume anatafuta mke wa pili ili "apate mrithi". Kesi za namna hii zinafika ofisi ya paroko. Padre anayejua jambo hili dogo la Kidato cha Nne anaweza kulisema mbele ya mume na wazee wa ukoo, kwa upole lakini bila kumung'unya maneno. Asiyelijua atawaombea na kuwaaga, na mama atarudi kwenye kipigo. Hapa mtu asituambie sayansi ni anasa ya wenye muda.

Tunachopendekeza hakihitaji fedha nyingi. Seminari zetu zina siku za mihadhara, na parokia nyingi zina mwalimu wa biolojia anayeimba kwaya au kuongoza jumuiya, ambaye hajawahi kuombwa kusema neno kuhusu kazi yake. Aombwe, tena kabla ya somo la Homiletiki, si baada yake. Frateri anayeandaa homilia yenye mnyama ndani yake ampelekee mwalimu huyo aisome, kama tunavyompelekea mwalimu wa Kiebrania tafsiri yetu. Na mara moja kwa mwaka tukae kwenye hadubini sisi wenyewe. Kromosomu za ndege ni ngumu kuziandaa, zile nukta zake zimewasumbua hata mabingwa. Lakini kitunguu kipo jikoni. Kiweke mdomoni mwa glasi ya maji siku tatu, mizizi ikichipua ikatwe ncha, ipakwe rangi na kubonyezwa juu ya kioo. Kromosomu zake ni 16, ndefu na nene, na hadubini ya kawaida ya shule ya sekondari inatosha kuziona zikigawana njia mbili ndani ya seli. Mwalimu wa kwaya anajua namna ya kuifanya kazi hiyo, maana huifanya na wanafunzi wake.